Mistari Aliyoifuta Adelaïde

Adelaïde Kavira, binti wa wafanyabiashara wa Butembo, alijifunza kompyuta kwa ukaidi wake tu. Mwaka 2012, vita vya mashariki mwa Kongo vilipoijaza Walikale wakimbizi, aliandika katika ofisi yake ya huko programu ndogo ya kuwakutanisha ndugu waliopotezana. Iliuliza swali moja moja, ikasubiri mtu aandike na kubonyeza Enter: Jina lako? Uko wapi? Unamtafuta nani? Aliyekosea aliulizwa tena bila kufokewa, adabu ambayo maofisa wetu wengi hawajaipata hadi leo.

Watu waliogopa kutamka wanakojificha. Kwa hiyo Adelaïde aliwageuzia kioo cha kompyuta waandike wenyewe, naye akatazama dirishani. Watu kumi na saba walipata ndugu zao hivyo.

Siku moja Libérata, mama aliyekimbia Masisi, alijiandika, akaandika na jina la bintiye. Kisha kidole kikakwama kwenye mshale wa juu kwa bahati mbaya. Majibu yakarudi nyuma, yake kwanza, kisha ya aliyemtangulia: jina, na kijiji.

“Mama Adelaïde, ii mashini iko inakumbuka kila kitu? Wale ba bunduki wakifika, si watatusoma sisi wote?”

Adelaïde akaikagua programu yake. Mshale ule hakuuandika yeye. Ulikuja na kifasiri, ile programu inayosoma amri mstari kwa mstari na kuzitekeleza papo hapo. Lakini faili lililotunza mistari yote lilikuwa lake.

Wiki iliyofuata ikasikika kwamba watu wa bunduki wako njiani. Angeweka nakala kwenye flash, wangemsachi na kuikuta. Alifuta faili, akazima kumbukumbu ya kifasiri, akalia kama aliyefiwa.

Walifika kesho yake. Mmoja wao alijua kompyuta. Alibonyeza mshale wa juu mara moja, mara kumi; nafasi ya kuandikia ikabaki tupu. Wakampiga makofi, wakaondoka na betri.

Mwezi mmoja baadaye akaja msichana, vumbi hadi magotini. Aliitwa Igiraneza.

“Mama yangu Libérata alipita hapa. Aliandika yeye iko wapi?”

Adelaïde alimweleza yote: alifuta, na hakuwahi kusoma.



“Basi na wale ba bunduki hawakumusoma,” alisema Igiraneza.

Akajitwika mzigo wake aende kuuliza nyumba kwa nyumba. Adelaïde akafunga ofisi, wakaenda wote wawili.