Koti la Mbunge

Dada yangu Honorine, tuliyemzika Jumanne iliyopita, alipaka rangi picha za kejeli kwa miaka ishirini na miwili. Picha zilitoka kwenye mawe ya kuchapia ya Bwana Vaubert, mwenye duka la picha, zikiwa na mistari myeusi tu. Wanawake sita waliketi mezani wakipokezana karatasi, huyu akipaka nyuso, yule viatu. Honorine alikuwa wa makoti.

Mkaguzi wa serikali alizipitia picha kabla hazijapakwa rangi. Ile ya mbunge mnene anayekoroma huku wenzake wakijadili bei ya mkate aliigonga muhuri wa ruhusa. Haikuwa na jina, na sura ile ingeweza kuwa ya yeyote aliyeshiba. Bwana Vaubert aliagiza koti la bluu. Honorine akapaka kijani.

Mtaa wetu wote ulijua koti la kijani ni la mbunge gani. Mwenyewe ndiye aliyelipia paa jipya la kanisa letu. Watu walijazana kwenye dirisha la duka, wakacheka hadi kushikana mabega, na alipopita, muuza samaki mmoja akamwita: "Mheshimiwa, leo umeamka mapema. Kuna nini?"

Kesho yake Bwana Vaubert alikamatwa.

Mkewe alikuja kwetu akilia. Nikamsihi dada aende polisi aseme bluu ilimwishia, akapaka rangi iliyokuwepo. Bwana Vaubert angeachiwa, naye dada angeonywa tu. Nilimwambia ni uongo mdogo, Mungu ataelewa.

"Wewe mdogo wangu, unayenihimiza rozari kila jioni, leo unanifundisha kudanganya?" akasema. "Bluu ilijaa bakuli. Kila Jumapili nakaa nyuma ya lile koti, mwenyewe anakoroma padre akihubiri habari za maskini. Nilipaka nilichokiona."

Akaenda, akasema hivyo hivyo. Bwana Vaubert alitoka siku ileile. Honorine alifungwa miezi mitatu.

Sikwenda kumwona hata mara moja. Mimi ni mwimbaji kanisani, niliona haya mbele ya padre. Alitoka Februari na kikohozi ambacho hakikumwacha tena hadi mwisho. Hakunilaumu. Aliingia, akavua shali, akaniuliza kama nimekula.

Sasa namwombea kila asubuhi. Nikimaliza kumwombea yeye, hubaki nimepiga magoti, nikiomba nisamehewe ile miezi mitatu.