Sauti ya Pili

Nikikumbuka Kangemi ya utoto wangu, kitu cha kwanza kunijia ni mwalimu wa kwaya akitafuta do. Hakuwa na kinanda wala filimbi. Alifumba macho, akaivumisha puani, "dooo," na kanisa zima la mabati likanyamaza kuipokea. Ubaoni alichora ngazi kwa chaki: do chini kabisa, kisha re, mi, fa, so, la, ti, na do nyingine juu. Alitufundisha kwamba kuimba ni kupanda na kushuka ngazi hiyo. Shida ni kwamba mimi sikupanda wala sikushuka. Niliwekwa sauti ya pili, na katika nyimbo zetu, watu wa sauti ya pili walikaa so. So, so, so, la kidogo, halafu rudi so. Wa sauti ya kwanza ndio walioshika wimbo wenyewe, ule ambao mtu akitoka kanisani anaondoka nao mdomoni. Ya kwetu hakuna aliyewahi kuondoka nayo.

Likizo moja ya Aprili, nikiwa na miaka tisa hivi, tulifanya mazoezi kila alasiri kwa ajili ya tamasha la kwaya. Mama alikuwa fundi wa kushona mapazia, na katika sauti ya kwanza hakuna aliyemfikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka ya pili kwa sababu watu wa huko walikuwa wachache. Nilibanwa kwenye benchi katikati ya akina mama wawili wanene, mmoja akinukia mafuta ya nazi na mwingine vitunguu, hata kujikuna ilibidi niombe nafasi. Joto la mabati lilitushukia vichwani. Nje, magari yalipita Waiyaki Way yakielekea Kinoo, nami nilitamani kuwa hata juu ya lori la mawe, bora tu niende mahali. Nikithubutu kuufuata wimbo kidogo, Mwalimu alisimamisha kila mtu. "Nekesa! Hiyo si yako. Rudi kwa yako." Nyumbani nako Mama aliimba ya kwanza akimenya viazi, akinitolea macho niingie chini yake. Nikinuna, anasema, "Kwani hiyo si kuimba? Hebu shika sauti."

Basi Mwalimu akatangaza kwamba ubeti wa kwanza wa wimbo wetu mkubwa utaimbwa na mtoto mmoja peke yake, na anayeutaka ajitokeze Jumamosi. Jamani, niliutaka ubeti ule kuliko nilivyowahi kutaka viatu vipya. Nilijua nikiupata natoka kwenye benchi lile kwa heshima zangu. Niliuimba bombani nikikinga maji, nikauimba chooni, nikauimba njia nzima nikimpelekea mteja wa Mama mapazia yake Mountain View. Niliupata sawasawa. Hata jirani yetu, mtu asiyesifu chochote, alisema, "Haiya, kumbe una sauti!"

Jumamosi nikasimama mbele. Nilianza vizuri kabisa, nikapanda ngazi bila kutetemeka, na nikawaona wale akina mama wawili wakinitabasamia. Mwalimu, kwa nia ya kunisaidia, akaipungia mkono sauti ya kwanza waufuate wimbo pamoja nami, taratibu, midomo imefungwa. Miongoni mwao nilimsikia Mama. Alipoingia tu, sauti yangu ikashuka yenyewe ikakaa chini yake. Niliivuta juu, ikagoma. Nikamaliza ubeti mzima nikiimba ya pili, mbele ya watu wote. Kanisa liliangua kicheko, na hakikuwa kicheko cha ubaya, ndiyo maana kiliniuma zaidi. Mwalimu akapiga makofi. "Mnaona? Huyu hayumbi hata umweke wapi. Hatoki ya pili huyu!" Nilikimbilia nyuma ya kanisa nikalia mpaka kwikwi. Mama akanifuata akicheka bado. "Sasa unalilia nini, na Mwalimu amekusifu?" Ningemwambiaje kwamba sifa ile ndiyo imenifungia mlango?

Siku hizi nafanya kazi Westlands, kwenye ghorofa la vioo. Tukimwimbia mwenzetu siku yake ya kuzaliwa, mimi hushuka ya pili hata keki haijakatwa, na wanasema, "Nekesa, wewe unajua muziki." Naujua. Naweza kukueleza jinsi sauti nne zinavyoshikana, na kwa nini ukiitoa ya pili wimbo unabaki mifupa mitupu. Yote ni kweli, na hayajanisaidia kitu. Mwezi uliopita nilimsikia binti yangu Imani akioga huku akiimba wimbo niliombembelezea tangu mchanga. Aliimba so, so, so, la, so. Nilisimama mlangoni na taulo mkononi. "Imani, huo si wimbo, mama. Hiyo ni sauti ya pili tu."

Akachungulia, povu limejaa kichwani. "Na wimbo wenyewe unaendaje?"

Nilifungua mdomo nikajaribu. Nikajaribu tena, ikatoka ya pili ileile. Mwishowe nikampigia simu Mama, ambaye sasa anaishi nyumbani Bungoma, nikaweka spika, nikamwomba auimbe. Hakuuliza kwa nini, maana Mama haombwi kuimba mara mbili. Sauti imezeeka, lakini bado iko kulekule juu, na Imani akaanza kumfuata nyanya yake, polepole, akipanda. Mimi nikajiziba mdomo kwa taulo, maana najijua.