Vatu Mia

Damyanti alikuwa mtu wa amani, hana ugomvi na jirani wala mteja, lakini herufi moja ilimshinda tangu utotoni: W. Alizaliwa Kisumu, akajifunza Kiswahili dukani kwa baba yake kabla hata meno ya utoto hayajang'oka, na kila W iliyopita kinywani mwake ilitoka V. Watu walikuwa vatu, wewe ulikuwa vewe. Na kwa bahati yake, sijui niseme nzuri au mbaya, akaolewa na Darshan, Mhindi wa Tanga, aliyejiona kuwa Kiswahili amekinyonya pamoja na maziwa ya mama yake.

Miaka nenda, miaka rudi, walikaa Tooting, mtaa wa London, wakiuza mihogo, bamia na ndizi mbichi. Binti yao Kalpana alizaliwa huko huko. Alijibu kwa Kiingereza, na Kigujarati alikisikia chote, kwa hiyo mambo ya siri na ya mapenzi wazazi waliyasema kwa Kiswahili. Hapo ndipo Darshan alipopata nafasi ya kumsahihisha mkewe.

"Leo vatu vengi sana," Damyanti husema Jumamosi, akiangalia foleni.

"Si vatu. Ni watu," Darshan hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye mizani. "Kiswahili kilizaliwa pwani, kikaugua Kenya, na mazishi yake ni hapa dukani kwangu!"

Wateja Wakenya walivunjika mbavu. Damyanti naye alicheka, ila siku nyingine ilimchoma. Kusahihishwa kuna umri wake, naye alishaota mvi.

Basi siku moja mwaka 1997, benki ikawarudishia sarafu. Ilikuwa na rangi ya dhahabu, ukubwa karibu sawa na pauni, na mteja fulani alikuwa amewalipa nayo bila wao kugundua. Darshan alinuna. Damyanti akavaa miwani aione vizuri. Upande mmoja kulikuwa na viazi vikuu vinavyochipua, na maandishi: 100 VATU.

Alipiga ukelele hadi Dinah, nesi Mkenya aliyekuwa akichagua mihogo, akadondosha mmoja.

"Dinah, njoo usome! Hapa vameandika nini?"

Dinah akaigeuza. "Hii si pound, Mama Kalpana. Imeandikwa Vanuatu. Ni visiwa huko Pasifiki, mbali kabisa. Vatu ndiyo shilingi yao."

"Umesikia, Baba Kalpana? Vatu!"

"Hiyo ni pesa," Darshan akasema. "Si watu."

"Serikali nzima inaandika kama mimi. Vewe nani?"

Siku hiyo hiyo Damyanti akaibandika sarafu kwa gundi pale juu ya mizani. Tangu hapo, akisahihishwa, aliinyooshea kidole tu. Ile pauni iliwapotea moja kwa moja, na sidhani kama kuna pauni nyingine iliyowapa raha kiasi kile.

Mwaka 2005 kiharusi kilimkamata Darshan akifungua duka. Upande wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda kombo, na maneno yakampotea yote. Anaelewa, daktari alisema, ila hawezi kusema. Mtaalamu wa kufundisha usemi alimletea kadi za picha: kikombe, mbwa, nyumba. Kalpana alimbembeleza kwa Kiingereza. Damyanti alimwimbia sala za Kigujarati. Darshan aliwatazama wote kwa upole, kimya.

Wiki zikapita hivyo, hata Kalpana akaanza kusema kwamba pengine wazoee tu. Damyanti hakutaka kuzoea. Alitaka neno moja, lolote lile. Na usiku, peke yake kitandani, alijishangaa mwenyewe, maana alichokikosa hakikuwa maneno matamu. Alikosa kusahihishwa.

Asubuhi moja akachukua kisu cha kumenyea mihogo, akaibandua sarafu, akaenda nayo hospitali. Akaiweka kwenye kiganja cha ule mkono uliokuwa mzima. Darshan akaigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya viazi.

"Unaikumbuka? Vatu mia," Damyanti akamwambia. "Huko dukani vatu vote vanakuuliza."

Darshan akakunja uso. Damyanti aliujua uso ule. Aliishi nao tangu siku ya harusi. Shingo ilikaza, mdomo ukaanza kuhangaika.

"Si," Darshan akasema. Sauti ilikwaruza. "Si vatu."

Damyanti alishika ukingo wa kitanda.

"Ni..." Midomo ilijaribu kujikusanya, lakini upande mmoja uligoma. Akajaribu tena, jasho likimtoka, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Ni vatu."

Darshan akaisikia V yake mwenyewe. Macho yalimtoka kwa mshangao, kisha ule upande mzima wa mdomo ukaanza kucheka.

Damyanti alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Akaufumbata ule mkono wenye sarafu ndani ya mikono yake miwili.

"Hivyo hivyo, mvalimu vangu," akasema. "Sema tena."