Kioo Juu ya Kichanja cha Pareto

Mzungu aliyejenga nyumba ile ya Subukia aliliogopa jua kama wengine wanavyoogopa chui. Veranda iliizunguka pande zote, na paa lilikuwa la mwinuko mkali, tayari kwa theluji ambayo hadi anauza shamba na kuondoka haikuwa imefika. Baada ya uhuru, nyumba na ekari nane zikawa za Wangeci, mjane na mkulima wa pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, ambaye hadi kufikia miaka hamsini na tatu alikuwa bado hajui kusoma.

Mwaka wa 1979 iliamuliwa kwamba watu wazima wote wasome. Wanawake ishirini na mmoja walikubali kwa sharti moja: darasa lianze saa moja jioni, ng'ombe wakishakamuliwa. Wakawa wanakutana sebuleni kwa Wangeci, chini ya karabai. Mwezi wa sita mafuta ya taa yakaadimika madukani. Walioleta vitabu hawakuwa wamelifikiria giza. Afisa wa elimu akatuma habari: atakuja Ijumaa, na asipokuta taa, darasa litahamia sokoni, maili saba, saa nane mchana, wakati ambapo kila mwanamke yuko shambani. Wangeci alikuwa amefika kwenye herufi N. Hakukusudia kuishia hapo.

Basi akampa mhandisi wa simu, aliyekuwa akirudi kwao Ulaya, kondoo wawili, ambao sijui alisafiri nao vipi, naye akamwachia paneli moja ya sola. Majirani waliiita kioo. Betri ya lori na taa yake Wangeci alikuwa nazo. Akamwita Ajit Singh, fundi wa redio kutoka Nakuru, mtu makini aliyeheshimu maandishi.

Jumatatu Ajit alipanda paani na kijitabu cha maelezo. Akaifunga paneli upande wa kusini, karibu wima. Jumanne jioni taa iliwaka dakika kumi na mbili, ikawa nyekundu kama jicho la mlevi, ikazima.

"Betri yako imezeeka," Ajit alisema.

"Betri iko sawa. Hicho kioo ndio umekifanya kipe jua mgongo. Miezi hii jua linapitia huko kaskazini."

"Mama, kitabu inasema kusini."

"Hiyo kitabu iliandikwa wapi?"

Ajit akatazama jalada. "Ujerumani."

"Basi irudishe Ujerumani! Huku ikweta inapita kwa shamba ya jirani yangu. Miaka kumi na tano naanika pareto, Bwana Singh. Umewahi kuona mtu akisimamisha pareto kama mlango?"

"Pareto ni maua, mama. Hii ni umeme."

"Na jua ziko mbili?"

Ajit akakifunga kijitabu, akakitia mfukoni. Akapanda tena, akaishusha paneli. Wangeci akailaza chali juu ya kichanja chake cha kuanikia, imeinama kidogo tu ili mvua iteremke. Kwa siku mbili maua yakasubiri, heshima ambayo hata mazishi ya mumewe hayakupewa. Kila asubuhi aliifuta umande kwa leso.

Ijumaa afisa akaja na kuketi nyuma. Taa ikawaka nyeupe. Mwalimu wao, Hezekiah, aliyezijua zile dakika kumi na mbili, alikuwa ametayarisha somo la dakika kumi. Likaisha.

"Tufungie hapo," akasema.

"Kwani taa imezima?" Wangeci akauliza.

"Haijazima."

"Basi endelea, mwalimu. Ama umechoka kabla ya kioo?"

Wanawake wakapiga meza kwa vicheko. Hezekiah akaendelea, wakaingia kurasa zilizopangiwa mwezi wa nane. Wangeci akasimama na kusoma mstari mzima, peke yake: "Nyanya ananunua nyama." Akausoma tena, kwa sauti ya kusikika hadi zizini.

Saa tatu kasorobo sauti ya Hezekiah ilikwisha. Afisa, aliyekuja kulihamisha darasa, akavua koti na kushika chaki.