Paswodi ya Msimamizi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa kompyuta hata moja. Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, mtu mrefu aliyevaa sweta hata jua la Nakuru likiwaka, alifunga mlango wa ofisi yake, akaninong'oneza paswodi, yaani neno la siri la kufungulia kompyuta, akanifanya nilirudie mpaka akaridhika.

"Wambui," akasema, "hiyo haiandikwi popote. Na hapewi mtu."

Tulihudumia hospitali moja mjini pamoja na vituo vyake vidogo vya nje. Kwa ninyi vijana mnaosoma haya, nieleze kidogo. Kompyuta ya ofisini huwa na watumiaji wa aina mbili. Mtumiaji wa kawaida anaweza kuandika barua, kuchapisha, kutafuta faili la mgonjwa. Msimamizi anaweza kila kitu: kuweka programu mpya, kuondoa zilizopo, hata kufuta kazi ya mwenzake. Kabla sijaajiriwa, kila mtu pale alikuwa msimamizi. Halafu karani fulani akaweka mchezo wa karata, virusi vikaingia nao, na kompyuta za mapokezi zikalala karibu wiki nzima huku wagonjwa wakipanga foleni hadi nje. Ndipo amri ikatoka kwamba wote wawe watumiaji wa kawaida.

Amri ilikuwa nzuri. Taabu ni kwamba kuna programu zinazotengenezwa kana kwamba kila anayezitumia ni msimamizi. Ukizifungua kwa akaunti ya kawaida, kisanduku kinatokea katikati ya kioo kikidai paswodi ya msimamizi. Programu ya eksirei ilikuwa hivyo, na ya stoo ya dawa vilevile. Kwa hiyo miaka yangu ya mwanzo ilikuwa ya kutembea. Naitwa eksirei, naandika paswodi, naondoka. Kabla sijamaliza ngazi naitwa stoo. Chuoni nilisomea kompyuta, lakini hospitalini nilitumia miguu.

Mwenzangu mmoja alichoka kabla yangu. Akaiandikia kompyuta amri inayoihifadhi paswodi ndani yake, ili programu ya stoo ijifungue yenyewe kwa jina la msimamizi. Watu walimshukuru sana. Kitu ambacho hakukijua ni kwamba paswodi ikishahifadhiwa kwa njia ile, mtumiaji anaweza kuitumia kufungulia programu nyingine yoyote. Karani wa stoo aligundua, akaondoa kinga ya virusi kwa sababu ilikuwa inachelewesha mashine yake. Virusi vikaingia tena, tukarudi tulikotoka. Mwenzangu alihamishiwa idara nyingine, na vituo vyake, Gilgil na Dundori, nikabebeshwa mimi.

Gilgil kulikuwa na maabara ndogo chini ya Wafula, mtaalamu aliyetoka Bungoma, mtu mpole mwenye sauti kubwa. Mashine yake ya kupima madini ya damu, kama potasiamu, haikuwa na kioo. Majibu yalionekana kwenye kompyuta tu, na programu ya kuyasoma ilidai msimamizi kila ilipofunguliwa. Nilikuwa naenda, naifungua, namwomba asiizime. Stima ikipotea, kompyuta inazimika, ananipigia, narudi tena. Mume wangu alikuwa akiniuliza kama nimeolewa na yeye au na hiyo mashine ya Gilgil.

Mchana mmoja nilikuwa zahanati ya Dundori nikifunga kompyuta mpya, mvua ikinyesha. Simu ikalia.

"Madam, stima ilipotea, imerudi. Programu inakutaka."

"Wafula, niko Dundori. Nitafika jioni."

"Jioni ni mbali. Kuna msichana wa shule hapa, ana ugonjwa wa sukari. Amelegea kabisa, anapumua mbiombio. Daktari hawezi kumwekea insulini kabla ya kujua potasiamu yake. Anaogopa moyo utasimama."

"Si mpeleke damu Nakuru?"

"Ambulensi imetoka na mama wa kujifungua. Na huyu mtoto hana muda."

Siku hizi mngeingia kwenye kompyuta ile mkiwa popote. Wakati ule mtandao wa Gilgil, stima ikipotea, ulirudi kwa hiari yake. Nikampigia Mkuu wa Kitengo. Simu ilikuwa imezimwa, yuko mkutanoni.

Nilitoka nje, nikasimama chini ya paa mahali simu inaposhika vizuri. Nilijua paswodi ile ilifungua kompyuta zote, za hospitali na za vituo. Nilijua pia kwamba nyuma ya Wafula wamesimama watu na masikio yao. Nikampigia.

"Andika. K kubwa, kama Kericho."

"K kubwa."

"Halafu u, l, e, zote ndogo. Sasa alama ya mshangao."

"Ile ya fimbo na nukta?"

"Hiyo hiyo. Halafu saba, saba, halafu z ndogo."

Nikasikia vidole vyake, na nyuma yake mwanamke akilia.

"Imekataa, Madam."

"Angalia K. Ni kubwa?"

"Ngoja." Vidole tena. "Imefunguka! Imefunguka!" Akakata simu bila kuniaga.

Nilirudi ndani kumalizia kazi, simu nikaiweka mezani mbele yangu. Jioni Wafula alipiga tena, safari hii kwa sauti ya chini. Potasiamu ilikuwa imeshuka vibaya, na insulini huishusha zaidi. Wangemwekea insulini kwanza, wangemmaliza.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Mkuu mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

"Umeitoa kwa simu?"

"Ndiyo, boss."

"Na msichana?"

"Yuko hai. Ameanza kuzungumza."

Alivua miwani, akajisugua macho kwa muda. Nilingoja kufukuzwa.

"Sikuulizi kama ulifanya vizuri au vibaya," akasema. "Nakuuliza hivi: kwa nini pumzi ya mtoto wa mtu ilikuwa inangojea paswodi yako?"

Akashusha sauti: "Nenda ubadilishe kila kompyuta, kila moja iwe na paswodi yake. Ukimaliza, nenda Gilgil, na usirudi mpaka Wafula afungue ile programu kwa jina lake mwenyewe."

Nilipomaliza kubadilisha, mgongo ulikuwa hauniruhusu kukaa wala kusimama. Nikaenda Gilgil hivyo hivyo. Kuna programu ndogo inayoonyesha kila jambo ambalo kompyuta inakataza, mstari kwa mstari. Tuliiwasha, tukafungua programu ya maabara kwa akaunti ya Wafula, tukasoma inakwama wapi. Lilikuwa jambo dogo la kuudhi. Programu ilitaka kuandika majibu ndani ya folda yake yenyewe, na folda ile ilikaa mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Nikawapa watu wa maabara ruhusa ya kuandika kwenye folda ile moja, si penginepo.

Wafula akabonyeza. Kisanduku hakikutokea.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Hatukushangilia. Tulikaa tukitazama kioo, na nadhani sote tulikuwa tunamfikiria yule msichana.

Baada ya hapo nilifanya hivyo kwa programu moja baada ya nyingine. Zile zilizogoma kabisa niliziandalia kazi maalumu, yaani amri iliyopangwa tayari, ambayo kompyuta huiendesha kwa haki za msimamizi lakini inafungua programu ile moja pekee. Msidhani niliwahi kumaliza. Fundi wa mashine akija na toleo jipya, anafuta ruhusa zote na kuondoka bila kusema. Mkuu aliyefuata, msomi kutoka Nairobi, alisema hawa ni watu wazima, wapeni usimamizi wote. Virusi vikaja, akasema wanyang'anyeni. Mimi ndiye niliyepewa amri zote mbili, na nilizitekeleza zote mbili, kompyuta kwa kompyuta.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya mwisho akaunti yangu ya msimamizi ilifungwa saa sita, kama utaratibu unavyotaka. Nilikuwa nimeuandika mimi. Alasiri nikataka kuifuta kwenye kompyuta printa yangu niliyoinunua mwenyewe, niende nayo, kompyuta ikaniletea kisanduku. Nikakitazama. Nikamwita Achieng, dada aliyechukua nafasi yangu.

"Samahani, Mum," akasema. "Niandike?"

"Andika."

Niligeuza uso nikatazama dirisha mpaka nikasikia amemaliza. Nilikunja waya wa printa, nikampa mkono wa kwaheri, nikashuka ngazi polepole, na hakuna aliyeniita nirudi juu.

Sasa naishi mtaa wa Bondeni, hapa Nakuru, katika nyumba nilimozaliwa. Kule hospitalini kuna paswodi mpya, na mimi siijui. Wafula alipiga wiki jana kunijulia hali. Nilipoona jina lake nilipapasa kutafuta viatu kwanza, ndipo nikakumbuka kwamba sina tena paswodi ya kumpa, nikapokea nikiwa nimelala.