Cherehani Isiyo na Uzi

Mdogo wangu ni mkata nguo, na mkata nguo hakai. Jora likishatandazwa mezani tabaka kwa tabaka, anasimama na mkasi hadi liishe. Miaka tisa alisimama hivyo, kisha akaanza kuanguka.

Akiinuka tu, moyo unamwenda mbio, macho yanaingia kiza. Kazini wakasema anajidekeza. Mwenye karakana akamnyang'anya mkasi, akamkalisha ashone vifungo.

"Siku ukiweza kusimama jora zima, njoo uuchukue," alisema huku akicheka. Wallahi nilitamani kumzaba kofi.

Daktari mmoja ndiye aliyempima mapigo akiwa amelala, kisha amesimama. Yakapanda kutoka sabini hadi mia na ishirini na tano. "Huu si uvivu, ni ugonjwa," akasema. Akamwagiza anywe maji mengi, avae soksi za kubana, na afanye mazoezi: aanze akiwa amelala, kisha amekaa, kusimama kuwe mwisho.

Mazoezi? Mimi dada yake nikakataa katakata. Nikamlaza, nikampelekea chai, maji, hata mswaki kitandani. Baada ya miezi miwili, hata mlangoni hafiki.

"Dada," akaniambia, "ugonjwa umenianza, lakini wewe ndiye unayenimaliza."

Yalinichoma, maana yalikuwa kweli.

Basi akaanza. Alilala chali akisukuma ukuta kwa nyayo hadi rangi ikabanduka. Kisha akaikalia cherehani ya marehemu mama, ile ya kukanyaga, akachomoa sindano na uzi, akawa anakanyaga tu. Dakika tatu. Wiki iliyofuata, nne. Siku nyingine alirudi nyuma, akalia kwa hasira, kesho yake akakanyaga tena. Bandu bandu huisha gogo.

Jirani akachungulia dirishani. "We shoga, mbona sioni nguo? Unashona nini?"

"Miguu!"

Baada ya miezi saba akaingia karakana, nami nyuma yake. Hakuomba ruhusa. Akautwaa mkasi, akaanza jora la sare, huku akiinuka kwa vidole vya miguu na kushuka, damu isimtuame chini. Jasho lilimtiririka, mkono haukuyumba. Nusu ya jora, mwenye karakana akasogeza kiti. "Kaa kidogo, utaanguka."

Nilitaka kumwambia akae. Nikajiuma ulimi.

"Hicho mpe dada," akasema bila kuinua macho. "Yeye ndiye anayetetemeka."

Nikakaa, naye akaendelea kukata akiwa wima hadi jora likaisha. Jioni tulirudi nyumbani na mkasi wake.