Mashine ya makaa imeshika mkono wa Mama

Hii sijawahi kuambia mtu: kwa Anko, pale Mama anafanya kazi ya makaa, mashine haizimwi hata ikikwama.

Ni ule mnyororo unaotoa makaa ya maganda ya makadamia kwa tanuri, yakimwagiwa maji yapoe.

Leo ilikwama tena.

Anko akapayuka, "Mama Wawira, toa hayo makaa na mkono! Nikizima hayatafika kwa maji, yatawaka yote!"

Mnyororo ukanyakua sweta ya Mama, ukamvuta kwa moto akipiga nduru.

Mimi, yule hata darasani siongei, nikasukuma koleo ndani ya mnyororo.

PAA! Ukakatika. Makaa yakaruka kila mahali.

Anko akanizaba kofi. "Umeniharibia mashine!"

Mama ameungua mpaka kiwiko. Anko anasema ati tuseme ni chai ilimwagika.

Nyinyi mngenyamaza?

Nasikia gambuti za Anko mlangoni. Simu ninayoandikia hii siifichi. Aingie asome.